Ufundi, Amani na Mpaka wa Mpondwe



Askari aliyewahi kulinda zamu Mpondwe anaufahamu vizuri mto Lhubiriha. Si mto mkubwa. Ng'ambo moja ni Uganda, mji wa Mpondwe na jirani yake Bwera. Ng'ambo ya pili ni Kasindi, nchi ya Kongo. Watu wa pande hizi mbili ni ndugu. Mkonzo wa Uganda na Mnande wa Kongo huelewana kwa lugha zao za mama bila mkalimani, na panapoingia mgeni, Kiswahili huwaunganisha wote. Siku ya soko mpaka huwa kama uwanja mmoja: samaki, chumvi ya Katwe, vitenge, kahawa, ndizi na saruji hupita kwa forodha, na pengine kwa njia za panya.

Katika msafara huo wa watu wamo pia mafundi. Yupo mwashi, yupo seremala, yupo fundi wa pikipiki, yupo mchomeleaji wa vyuma. Bidhaa ya mfanyabiashara hupimwa mizani na kupewa karatasi inayoheshimiwa pande zote mbili. Ujuzi wa fundi je, nani anaupima? Akitoka na cheti chake chuoni Kasese akavuka daraja, tajiri wa Kasindi atajuaje kwamba cheti hicho kinamaanisha kazi fulani, kwa kiwango fulani? Swali hili laweza kuonekana dogo. Lakini mataifa ya Ulaya yamelishughulikia kwa zaidi ya miaka 60, na historia yao ina mafunzo kwa wanaolinda mpaka huu.

Turudi nyuma hadi mwaka 1956. Mwaka huo reli kutoka Kampala ilifika Kasese. Sababu yake ilikuwa shaba. Katika bonde la Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, mgodi uliokuwa chini ya kampuni ya Falconbridge ya Kanada ulianza uzalishaji mwaka huohuo, na shaba ikasafirishwa kwa treni kwenda kuyeyushwa Jinja. Mgodi hauendeshwi kwa nguvu za mikono peke yake. Wahitaji fundi umeme, fundi mitambo, fundi bomba, mpimaji, mtu wa baruti na mtu wa pampu. Kwa mara ya kwanza wilaya hiyo ya mbali ilihitaji mafundi wa viwanda kwa mamia.

Mwaka huohuo, tarehe 8 Agosti, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Marcinelle nchini Ubelgiji, moto uliwaka chini ya ardhi. Behewa liliwekwa vibaya ndani ya lifti, kukawa na kutoelewana kati ya waliokuwa chini na waliokuwa juu, lifti ikapanda, nyaya za umeme na bomba la mafuta vikakatika. Watu 262 walikufa. Kati yao 136 walikuwa Waitalia. Hao walikuwa wamekwenda Ubelgiji kwa mapatano ya mwaka 1946, ambayo kwayo Italia ilitoa wafanyakazi na Ubelgiji ikatoa makaa ya mawe. Wengi wa wafanyakazi wa namna hiyo walikuwa wakulima kutoka vijijini. Walishushwa shimoni bila mafunzo ya maana, tena katika nchi ambayo lugha yake hawakuijua.

Si sahihi kusema kwamba ajali hiyo peke yake ndiyo iliyozaa sera ya ufundi ya Ulaya. Lakini iliwaonyesha watu wote jambo lililokuwa limefichika: kwamba mtu anayevuka mpaka kwenda kufanya kazi bila ujuzi, huvuka kama mzigo. Hana bei ya kudai, wala ulinzi wa kumkinga.

Miezi saba baadaye, tarehe 25 Machi, 1957, nchi sita, yaani Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Luksemburgi na Uholanzi, zilitia sahihi Mkataba wa Roma na kuunda Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Kifungu cha 128 cha mkataba huo kiliagiza ziwekwe kanuni za jumla za sera moja ya mafunzo ya ufundi. Italia, yenye vijana wengi wasio na kazi, ndiyo iliyokuwa na haja kubwa zaidi. Tarehe 2 Aprili, 1963, Baraza la Mawaziri lilipitisha kanuni kumi. Shabaha zake zilikuwa wazi: kila mtu apate nafasi ya kujifunza kazi, mafunzo yafuate mahitaji ya uchumi, na njia ya kuendelea mbele isifungwe kwa yule aliyeanzia kwenye karakana.

Hata hivyo kuandika kanuni ni jambo moja, na kuzitekeleza ni jambo jingine. Ujerumani ilikuwa na mfumo wake wa uanagenzi, ambamo kijana hugawa wiki yake kati ya kiwanda na shule. Ufaransa ilikuwa na vyuo vyake vya serikali. Hakuna aliyetaka kuacha mila yake, wala hakuna aliyetaka fedha zake zigharimie mafunzo ya jirani. Kwa hiyo kwa miaka mingi kanuni zile kumi zilibaki zaidi katika karatasi. Mwaka 1975 kilianzishwa kituo cha Jumuiya cha kuendeleza mafunzo ya ufundi, makao yake Berlin Magharibi, na baadaye kikahamia Thessaloniki, Ugiriki. Mwaka 1985 ulianza mpango wa kulinganisha vyeti, kazi moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ilikwenda polepole mno, kwani kabla orodha haijakamilika, mashine zilikuwa zimebadilika.

Mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992 ulimaliza ubishi huo kwa njia ya busara. Ulikubali kwamba kila nchi itabaki na shule zake na sheria zake. Jumuiya itasaidia tu na kuongezea. Tarehe 30 Novemba, 2002, mawaziri wa nchi 31 walikutana Copenhagen, wakakubaliana kujenga kitu kimoja muhimu kuliko vyote: kuaminiana. Mwaka 2008 ukapatikana mfumo wa ngazi nane za ujuzi. Mfumo huo haumuulizi fundi amekaa darasani miaka mingapi. Unauliza: mtu huyu anajua nini, anaweza kufanya nini, na anaweza kuachiwa kazi kwa kiasi gani bila kusimamiwa? Kila nchi hupanga vyeti vyake kwenye ngazi hizo, na mwajiri wa nchi nyingine husoma ngazi, si jina la chuo.

Askari hana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Jeshini, cheo kilichoko begani husomwa na kila mtu, hata kama amefundishwa kambi nyingine. Wazungu walichukua miaka 45, kutoka Copenhagen kurudi nyuma hadi Roma, kukubaliana namna ya kuwapa mafundi wao alama inayosomeka hivyo.

Sasa tuitazame Uganda. Mafunzo ya ufundi hapa yana historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Alexander Mackay, mhandisi kutoka Skotlandi aliyefika Buganda mwaka 1878 kama mmisionari, alifundisha vijana huko Natete kufua chuma, kuranda mbao na kupiga chapa. Makerere yenyewe, inayotajwa leo kwa maprofesa na madaktari wake, ilifunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14, nao walijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Baada ya muda mfupi masomo ya kalamu yaliongezwa, na hatimaye masomo ya nyundo yakahamishwa na kuishia Kyambogo. Kilima kimoja kikawa cha mabwana, kingine cha mafundi. Tabaka hilo lilijengwa mapema, na kivuli chake bado hakijaondoka.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilitembelea Afrika Mashariki, ikashauri elimu ya Mwafrika ielekee kilimo na kazi za mikono. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikatoa sera yenye mwelekeo huohuo. Waafrika wengi waliitazama kwa shaka, wala hawakukosea kabisa. Waliona kwamba mtoto wa mtawala husoma sheria na utabibu, na mtoto wa mtawaliwa huambiwa jembe na randa ndizo zinazomfaa. Ushauri ambao ungeweza kuwa mwema uliharibiwa na nia ya waliouleta. Tangu hapo mzazi wa Uganda amebaki na wazo kwamba chuo cha ufundi ni mahali pa kumpeleka mtoto aliyeshindwa mtihani.

Jeshi lilitoa somo tofauti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili maelfu ya vijana wa Uganda waliandikishwa. Wengi walipewa bunduki, lakini wengine walifundishwa kuendesha malori, kutengeneza injini, kupeleka habari kwa simu ya upepo, na kujenga madaraja. Vijana ambao mkoloni alisema watahitaji miaka mingi kuelewa mashine, walizielewa kwa miezi, kwa sababu kazi ilikuwa wazi, mwalimu alikuwa yupo, na chombo kilikuwa mkononi. Na lugha waliyofundishiwa ilikuwa Kiswahili. Vita vilipokwisha, wengi walirudi kijijini na ujuzi ambao haukuwa na karatasi ya kuuthibitisha, wala mtu wa kuununua. Hasira ya askari hao waliorudi ni sehemu ya historia ya siasa za Afrika Mashariki.

Katika milima ya Rwenzori hasira ilikuwa na sura yake. Mwaka 1962, mwaka wa Uhuru, Wakonzo na Waamba walianza vuguvugu la Rwenzururu dhidi ya utawala wa Toro. Malalamiko yao yalikuwa mengi. Shule, vyeo na nafasi za kazi zilikuwa miongoni mwake. Watu hao waliishi juu ya mlima wa shaba, wakitazama treni ikishuka na utajiri. Mapigano yalidumu hadi mwaka 1982 silaha zilipowekwa chini kwa mapatano.

Mwaka 1972 ilitungwa sheria ya mafunzo ya viwandani, ikaunda idara ya serikali ya kusimamia uanagenzi na majaribio ya mafundi. Ilikuwa sheria nzuri. Lakini mwezi wa Agosti mwaka huohuo utawala wa Idi Amin ulitangaza kufukuzwa kwa Waasia, na pamoja nao zikaondoka karakana nyingi ambamo kijana angeweza kujifunza kazi. Sheria ya uanagenzi ilibaki, lakini mabwana wa karakana hawakuwapo. Kilembe nayo ilidhoofika katika miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji wa shaba ulikuwa umesimama. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika, na shirika la pamoja la reli, lililokuwa shule kubwa ya mafundi, likagawanywa vipandevipande.

Ni katika kipindi hichohicho, tarehe 28 Februari, 1975, ambapo Uganda, pamoja na nchi nyingine za Afrika, Karibi na Pasifiki, ilitia sahihi Mkataba wa Lomé na Jumuiya ya Ulaya. Mkataba huo ulizungumzia biashara, viwanda na mafunzo. Hapo ndipo mkondo wa historia ya Ulaya na mkondo wa historia ya Uganda ulipokutana kwa maandishi. Lakini msaada hauwezi kusimama juu ya nyumba iliyobomoka, na matunda yake yalichelewa.

Amani iliporejea sehemu kubwa ya nchi, magharibi ilipata jaribio jipya. Tarehe 13 Novemba, 1996, waasi wa ADF walivuka kutoka Kongo wakashambulia Mpondwe na Bwera. Ndipo vita vya Rwenzori vilipoanza. Tarehe 8 Juni, 1998, waasi hao waliingia katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal. Waliyafunga mabweni na kuyatia moto. Wanafunzi wapatao 80 waliuawa, wengine wakatekwa nyara.

Yafaa jambo hili litafakariwe. Waliouawa Kichwamba walikuwa vijana waliokuwa wakijifunza kujenga nyumba, kufunga umeme, kutengeneza magari. Muuaji alichagua mahali ambapo taifa lilikuwa likitengeneza mikono yake. Na wale waliotekwa, alitaka kuwageuza mikono hiyo iwe yake. Kwa hiyo asemaye kwamba ulinzi wa chuo cha ufundi ni kazi ndogo, hajaielewa vita yenyewe.

Chuo cha Kichwamba hakikufa. Kilifunguliwa tena, na kikaendelea kutoa mafundi. Wakati huo serikali ilikuwa inarekebisha mfumo mzima. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza mwaka 1997, ilileta wimbi la vijana ambao sekondari na vyuo vikuu visingeweza kuwameza wote. Kwa msaada wa Ujerumani, idara ya mafunzo ya viwandani ilianza kuunda mfumo wa ngazi za ujuzi wa Uganda, wenye fikra ileile ya Ulaya: fundi apimwe kwa anachoweza kutenda. Sheria ya mwaka 2008 iliupa nguvu mfumo huo. Hata fundi aliyejifunzia chini ya mwembe, bila kuingia darasani, aliweza sasa kupimwa na kuandikiwa yale ayawezayo. Mwaka 2012 ulizinduliwa mpango wa miaka kumi wa kuwapa Waganda ujuzi. Ubelgiji ilisaidia mpango huo katika eneo la Rwenzori na Bunyoro. Miongoni mwa vyuo vilivyohusika ni Kichwamba, na chuo cha vijana cha Kasese.

Nchi ileile ambayo mwaka 1956 iliwazika wachimba makaa wasiofunzwa, ilikuja kusaidia kufunza vijana katika wilaya ambayo mwaka huohuo ilianza kuchimba shaba. Hakuna aliyepanga hivyo. Lakini mtu akiiangalia miaka hiyo yote kwa pamoja, ataona kwamba taifa hujifunza thamani ya fundi baada ya kulipa gharama ya kutokuwa naye.

Haimaanishi kwamba kila kinachotoka Ulaya ni cha kunakiliwa. Mfumo wa Kijerumani unategemea viwanda vikubwa vinavyokubali kupokea wanagenzi. Kasese ina viwanda vichache. Mradi wa mfadhili una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na mashine iliyoletwa bila vipuri hugeuka kuwa sanamu. Jambo la kuiga si majengo wala makaratasi. Ni uvumilivu wa kukaa mezani na jirani miaka mingi mpaka kila mmoja auamini mtihani wa mwenzake.

Na jirani yupo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai, 2010, ina kifungu cha 11 kinachoagiza nchi wanachama kutambua vyeti vya kila mmoja. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walitangulia kupata mapatano yao. Mwashi na mchomeleaji walibaki nyuma, ingawa wao ndio wanaovuka mpaka kila asubuhi. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya. Tangu hapo mto Lhubiriha ni mpaka wa ndani ya Jumuiya moja.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwezi wa Juni 2021, Marais wa Uganda na Kongo walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za mashariki ya Kongo, ikiwemo ya kutoka Kasindi hadi Beni. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo majeshi ya nchi hizo mbili yalianza operesheni ya pamoja dhidi ya ADF. Barabara na bunduki vilikwenda bega kwa bega, kwa sababu trekta haliwezi kufanya kazi chini ya risasi.

Adui alijibu kama alivyojibu Kichwamba. Usiku wa tarehe 16 Juni, 2023, aliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha hapo Mpondwe. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Miaka 25 ilikuwa imepita tangu Kichwamba, na alama za mkono zilikuwa zilezile: bweni, moto, panga na utekaji.

Ndugu wasikilizaji, kutokana na historia hii mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni kwamba shule na chuo vilivyo mpakani ni ngome. Haitoshi doria kupita barabarani. Hapana budi mkuu wa shule na mkuu wa kituo cha polisi wafahamiane kwa majina, na taarifa ya mwanakijiji isikilizwe kabla ya usiku kuingia. La pili ni kwamba ushindi wa askari una muda. Askari anaweza kumwondoa adui msituni na kulinda njia iwe salama. Baada ya hapo, kijana aliyeokolewa, na hata yule aliyesalimisha silaha na kupata msamaha, atauliza: nifanye kazi gani? Akikosa jibu, msitu utamjibu.

Ulaya ilianza na Waitalia walioshushwa mgodini bila kujua kazi, ikafika kwenye cheti kinachosomeka kutoka Ureno hadi Ufini. Safari hiyo haikuwa fupi, nayo haikuhitaji mataifa hayo yawe na shule za aina moja. Ilihitaji amani, kwani hakuna mwalimu anayefundisha fundi kuchomelea wakati paa linawaka. Amani ya Mpondwe imo mikononi mwa walinzi wake. Siku ambayo mwashi wa Bwera atavuka mto na cheti chake, akapokewa Kasindi kama fundi wa daraja fulani, na Mnande akapokewa Bwera vivyo hivyo, askari aliyesimama darajani atakuwa amechangia cheti hicho, ingawa jina lake halitaandikwa juu yake.